Mkono wa Cucu Uliofutwa

Nilichefuka siku ya kwanza tu ya darasa la kupiga picha. Mwalimu alikuwa na chumba ghorofani huko Gitothua, juu ya duka la chakula cha mifugo, na ukutani alikuwa ametundika picha za nyumba za mtaa wa Membley alizowapigia wauzaji. Anga ya bluu ya sabuni ya unga. Nyasi za kijani kinachouma meno. Juu ya geti moja mawingu meusi yalikuwa yamejikusanya kana kwamba kiama kinatafuta mahali pa kuegesha gari. Nikajiuliza ni nani angenunua nyumba kama ile. Mwalimu akasema zimenunuliwa zote.

Kilichoniudhi zaidi ni kwamba ufundi wenyewe niliupenda. Wanauita HDR. Unaisimamisha kamera kwenye tripodi, unapiga picha ileile mara tatu, moja ya giza, moja ya kawaida, moja ya mwanga mwingi, kisha kompyuta inaziunganisha ili kilicho kivulini kionekane pamoja na kilicho juani. Ni kazi ya heshima kabisa. Mwalimu aliifanya kama mtu anayemwaga pakiti nzima ya tangawizi kwenye kikombe kimoja cha chai, halafu anakutazama unywe.

Nami nilikuwa na sababu ya kuvumilia. Nyanya yangu, cucu, anaishi Ngoliba, na alikuwa ameniomba picha ya siku yake, ile itakayotangulia jeneza na kukaa kwenye jalada la programu ya mazishi. Wazee wengi kwetu huvalishwa nguo ya kuazima wakapelekwa studio. Cucu alikataa katakata. Alitaka apigwe akiwa jikoni kwake, juu ya kigoda, mlango wazi.

"Nataka watu wangu wanijue," alisema.

Jiko lile ni jeusi kwa moshi, na jua la nje linaumiza macho. Kamera ikishika uso wake, mahindi ya shambani nje ya mlango yanapotea kwenye weupe. Ikishika mahindi, yeye anageuka mkaa. Kwa mlango kama ule, HDR ndiyo dawa.

Ila sharti mtu asitikisike, na njia ya kwenda mtoni inapita palepale mlangoni. Kila nilipobonyeza, mtu alipita, na cucu akainua mkono kumsalimu.

"Cucu, tulia kidogo."

"Nitulie aje, na huyo ameniona nikimwona?"

Picha ikatoka na uso wake wote, mikunjo yote, mahindi yote, na mkono wa kulia ukiwa umeacha kivuli hafifu mahali ulipopita. Niliipenda hivyo hivyo ilivyokuwa. Nikaiacha kwenye kompyuta ya darasa ili tuijadili wiki iliyofuata.

Mwalimu hakungoja. Aliikarabati akaiweka mtandaoni kutangaza kazi yake, na shangazi yangu wa Ruiru alipoiona alimfuata, akaagiza ichapwe kubwa na kutiwa fremu. Nilipofika darasani ilikuwa mezani tayari. Masizi ya ukutani yalikuwa ya rangi ya machungwa. Anga ilikuwa zambarau. Mikunjo ilikuwa imepigwa pasi hadi uso ukang'aa kama beseni jipya, na ule mkono ulikuwa umefutwa, na mahali pake umebandikwa mwingine uliolazwa mapajani.

"Mkono umeenda wapi?" nikamuuliza.

"Dada, hiyo ilikuwa ghost, kivuli cha mtu aliyetikisika. Ghost ni makosa. Halafu ngozi nimemsafishia free."

"Haikuwa chafu."

"Client ni shangazi yako, na ako happy. Sasa shida iko wapi?"

Mtu amemfuta cucu wangu mzimamzima na anangoja ashukuriwe.

Jumapili shangazi aliipeleka Ngoliba akiwa ameifunga kwa leso mpya. Cucu aliishika kwa mikono miwili, akaisogeza mlangoni kwenye mwanga, akaitazama. Shangazi alikuwa akitabasamu. Mimi nilikuwa nimeangalia chini.

"Ni mama mrembo," cucu akasema. "Amekaa kwa kigoda changu, lakini si neno. Siku akifa mniambie, nami nije nimzike."

Akamrudishia shangazi fremu, maana kuna mtu alikuwa anapita njiani, na cucu alihitaji mkono wake.