Nyama Iliyoota Tena Kooni mwa Fundi Saa

Jumanne, tarehe 14 Juni. Mawingu mazito tangu alfajiri, lakini mvua haikunyesha.

Fundi saa alipanua kinywa mbele ya kioo cha bafuni, kurunzi mkononi, lenzi yake ya kazini jichoni. Kinundu kilikuwa palepale kooni. Juzi alikilinganisha na kichwa cha kibiriti. Leo kilitosha kuitwa punje ya dengu. Akakichora kwenye daftari, mchoro wa arobaini na moja, akaandika pembeni: kulia.

Neno hilo ndilo lililomnyima raha. Miezi mitano nyuma aliondolewa mafindofindo yaliyokuwa yakimkaba usingizini, na karatasi ya hospitali ilisema kipande kidogo kimeachwa kushoto. Basi hiki cha kulia kimetoka wapi? Ama ni ugonjwa mpya, ama kuna jambo anafichwa.

"Aliyenikata simjui," alimwambia mkewe. "Kabla dawa haijanilaza nilimwona daktari kakaa kule pembeni, kanipa mgongo, uso kautumbukiza kwenye sanduku. Mdomoni mwangu liliingia roboti."

"Ulitaka aingie yeye na viatu vyake? Njoo unywe chai, baba watoto."

Hakucheka. Kwa miaka ishirini na sita alikuwa akifungua saa za watu, na hajawahi kuiachia mashine kazi ya vidole.

Mchana alikuwa hospitali. Daktari, mwanamke mfupi mwenye sauti ya chini, alilipekua daftari lote.

"Fundi, unachora kuliko wanafunzi wangu. Ila mbona kulia?"

"Kwa sababu kipo kulia."

"Haya, panua. Nikikigusa, weka kidole shavuni, upande unaosikia."

Kijiti kikagusa. Kidole cha fundi kikaenda chenyewe kwenye shavu la kushoto.

Akaduwaa. Saa hufunguliwa kwa nyuma. Alishazoea kuona kitu kushoto na kukihesabu kulia, hata hafikiri tena, na mbele ya kioo alikuwa akifanya vivyo hivyo.

"Mikono ya roboti niliiongoza mimi, kila hatua," daktari alisema. "Hapo nyuma pana mshipa mkubwa wa damu, ndiyo maana nikabakiza. Nyama hii ikibaki, wakati mwingine huota tena."

"Itanikaba?"

"Huenda isikukabe kamwe. Ukianza kukoroma na kukatika pumzi, njoo mara moja. Vinginevyo, rudi baada ya miezi mitatu."

Huenda! Njia nzima neno hilo lilimkereketa kuliko kile kinundu.

Asubuhi iliyofuata alibandika plasta shavu la kushoto, akapanua kinywa, akachora, akaandika: kushoto, hakijaongezeka. Kisha akamwita mkewe.

"Usiku nilikoroma?"

"Wala."

"Una hakika? Au ulikuwa umelala?"

"Nimekwambia hukukoroma, bwana!"

Akamtazama kidogo kwenye kioo, akainama, akaandika: Mke anasema hapana.