Taruma la Nne

Sokoni walimwita Bei ya Mwisho, na jina hilo hakulikataa. Alikuwa muuza chumvi. Siku aliyoingia karakana ya fundi mashua alikuta chombo kimesimama nusu, mbavu nje, na fundi kapiga magoti, anapapasa mbao kama mtu aliyedondosha sindano.

"Unauza ngapi hiki?"

Fundi akataja. Yeye akakata nusu. Fundi akacheka mpaka akakohoa.

"Mama, kwa hiyo hata mkuku hupati."

"Mkuku ndio nini?"

"Uti wa mgongo wa chombo. Huujui, na unaupangia bei!"

Wakavutana hadi adhuhuri. Mwisho fundi akasema kweli: macho yalikuwa yanamuaga, hiki kilikuwa chombo chake cha mwisho, na alitaka akimalize kwa mkono wake. Mama angepita kila asubuhi amweleze anachokiona, naye angempunguzia sehemu moja ya kumi. Bei ya Mwisho akakubali. Kutazama ni bure.

Kumbe si bure. "Ule mti uliopinda una fundo," alisema siku ya kwanza.

"Humu ipo thelathini iliyopinda. Unanipa macho au kitendawili?"

Basi akajifunza. Mbele ni hanamu, linalopasua maji. Nyuma ni fashini, linalobeba usukani. Mbavu ni mataruma. Chini kabisa ni ngama, maji yanamotuama. Aliyakariri njiani akielekea sokoni, wenzake wakadhani anasema na majini.

Asubuhi moja aliona ufa. "Taruma la nne, kushoto," alisema, akaenda zake.

Jioni alimkuta fundi sakafuni, kipande cha taruma mapajani, kidole gumba kikipita juu yake tena na tena.

"Taruma lenyewe ni zima, halina ufa," fundi alisema. "Nimekata mti mzima. Sasa hata vidole vimenitoka. Mpe fundi mwingine akimalizie, mama. Bei utapanga wewe."

Bei ya Mwisho alitazama chombo. Lile lenye ufa lilikuwa palepale, upande wa hanamu. Lililokatwa lilikuwa upande wa fashini. Hesabu ya faida ilimjia haraka kuliko pumzi, na ilikuwa faida nono. Akaketi sakafuni kando yake.

"Fundi, ulihesabu kuanzia wapi?"

"Nyuma. Kwani kuna pengine?"

"Mimi nilianzia mbele."

Fundi akakiweka chini kile kipande. "Nani kakufundisha kuhesabu kuanzia mbele?"

"Mbavu za ng'ombe huwa nazihesabu kuanzia kichwani. Vidole vyako havina kosa. Mti wa mataruma yote mawili nalipa mimi."

"Hebu rudia. Hapo kwenye 'nalipa'."

"Usizoee."

Chombo kilikamilika wiki saba baadaye. Lile punguzo lote lilimezwa na mti, na Bei ya Mwisho akalipa bei ambayo hakuwahi kumlipa mtu. Msumari wa mwisho aliupiga fundi mwenyewe. Alikosa mara mbili, na hakuna aliyemshika mkono. Kwa pigo la tatu ukaingia.