Dada Anakwenda Kulalamika Chuoni, na Karatasi Yake Ninayo Mimi

Admin, nifichie jina na picha, maana Sumbawanga nzima inanijua.

Mimi ni kijana wa miaka 23, niliishia kidato cha pili, na nusu ya wasomi wa mkoa huu nimewapeleka chuo kikuu mimi. Msicheke. Nina meza yangu ndani ya steshenari moja karibu na stendi, najaza maombi ya vyuo. Wananiita Profesa. Mtu ana digrii yake, anasimama mbele yangu kakumbatia vyeti, mimi nimekaa, namuuliza, "Shikamoo mwalimu, tukupeleke wapi?"

Sasa nina dada yangu wa tumbo moja, mtendaji wa kata huko bondeni, upande wa Mtowisa. Kuna wakubwa walikaa huku juu kwenye baridi na makoti yao, wakachora njia ya ng'ombe kwenye ramani, ikapita katikati ya mashamba ya mpunga. Siku ya kuifungua, wakulima walitoka na mapanga, wafugaji na fimbo, na katikati yao dada yangu peke yake na daftari la mkutano. Hakuna aliyeumia, ila toka siku ile wimbo wake ni mmoja: anataka shahada ya uzamili ya sera za umma.

Nikamtania, "Dada, sera si zile za kwenye kampeni? Soma utawala wa umma bwana, upewe gari, mimi niwe dereva wako."

"Utawala utanifundisha kuendesha ofisi," akasema. "Ofisi naendesha tayari. Mimi nataka kujua ile njia ilipaswa kuamuliwaje kabla haijachorwa."

Kwake mtandao ni wa shida, kwa hiyo akaandika machaguo yake kwenye karatasi, akaitia kwenye bahasha pamoja na vyeti, akampa kondakta wa basi aniletee. Watu wa bondeni wote hufanya hivyo, na namba zao za siri za kufungulia maombi natunza mimi. Kisha akapanda juu ya kichuguu anapopatia mawasiliano, akanipigia.

"Umeweka sera chaguo la kwanza?"

"Nimeweka."

"Kweli?"

"Dada, unaongea na Profesa!"

Wiki iliyopita majibu yakatoka: amechaguliwa Utawala wa Umma. Mama akapiga vigelegele, jumuiya ikasali kushukuru. Lakini ruhusa ya dada ya masomo kazini imeandikwa sera, na afisa utumishi kamwambia, "Leta barua ya chuo inayofanana na hii kufikia Ijumaa. La sivyo nafasi nampa mwenzako."

Akaja mezani kwangu, vumbi mpaka kwenye nyusi. "Imekuwaje, mdogo wangu?"

Nikamwambia mfumo wa chuo ulisumbua siku ile, ukajichagulia wenyewe. Nilieleza vizuri mpaka wateja wawili waliokuwa kwenye foleni wakatikisa vichwa kwa huruma.

"Basi niandikie barua ya malalamiko," akasema.

Na niliiandika, Admin! Kwa vidole hivi hivi. Ndani yake kuna mstari unaosema aliyejaza fomu yuko tayari kutoa ushahidi. Kesho asubuhi dada anapanda basi kuipeleka chuoni, na Baba kaamua twende wote. Nikinyamaza, wale wa chuo watafungua kompyuta mbele yake, waone kila kitu, naye ataondoka pale anaonekana mwongo. Nikisema leo, huenda akaomba kubadilishiwa kwa ustaarabu na wakamsikiliza kabla ya Ijumaa. Lakini mimi ataniangalia vipi? Nimefungua mdomo mara tatu tangu asubuhi, mara zote nimeishia kumuuliza kama ameshakula.

Ninyi wenye dada zenu, niambieni, neno la kwanza kabisa linakuwa lipi? Nasoma maoni yote, hata ya matusi.

Maana mfumo haukusumbua hata dakika moja. Nilikuwa nimeshawatangazia washikaji pale stendi kwamba nitakuwa dereva wa mkubwa. Karatasi yake iko kwenye droo yangu mpaka sasa, mwandiko wake mwenyewe, amepiga mstari mara mbili: "Sera. Usibadilishe."

Niliisoma. Nikabadilisha.