Udongo Ulionenepa Tanurini

Mimi ni rafiki yake, kwa hiyo nina haki ya kumsema. Tangu utotoni mama yake, fundi cherehani, alimwita Mhandisi, kwa sababu alishinda chini ya meza ya kushonea akipanga chaki za kuchorea nguo ziwe daraja. Jina lilikuwa lake peke yake, mpaka binamu yake, mtoto wa mjomba, alipohamia kwao ili asome chuo hichohicho, kozi hiyohiyo ya ujenzi. Haikupita wiki, mama akaita Mhandisi, na wasichana wawili wakaitika abee kwa pamoja.

Hapo ndipo kijicho kilipoingia. Binamu mwenyewe hakuwa na makuu. Aliosha vyombo bila kuambiwa, akamsaidia shangazi yake kupinda suruali za wateja, na kosa lake ungelitafuta kwa tochi. Rafiki yangu alilitafuta.

"Ana kiherehere," aliniambia. "Anajipendekeza hata kwa paka."

Mwaka wa tatu tulianza somo la udongo. Mhadhiri akatangaza kwamba kampuni moja ya barabara inataka mwanafunzi mmoja afanye kazi kwenye maabara yao wakati wa likizo, naye atamchagua kwa jaribio moja tu. Unachukua udongo wa mfinyanzi, unauviringisha kwa kiganja juu ya kioo mpaka uwe uzi mwembamba. Ukianza kukatika wenyewe kwenye unene wa milimita tatu, unautia kwenye kopo, unaupima, unauacha tanurini hadi kesho, kisha unaupima tena. Uzito uliopungua ndio maji. Kazi yote ni kusubiri, na kusubiri kunataka roho iliyotulia.

Ya rafiki yangu haikutulia, maana jicho lake lilikuwa kwenye kioo cha jirani. Alipoona uzi wa binamu umeanza kupasuka, wake ungali laini, wivu ukampanda kichwani. Akakata vipande vichache kwa kucha, akavitia koponi, akawa wa kwanza kwenye mizani. Binamu alikuja baadaye na kopo lililojaa. Mhadhiri aliandika uzito wa udongo wa kila mmoja ubaoni.

Asubuhi yake rafiki yangu alitangulia maabara, fundi wa humo akiwa bado anakunywa chai. Alijua udongo wake ulikuwa na maji mengi mno. Makopo yalikuwa na namba, kwa hiyo hakuyabadilisha. Alibadilisha udongo: wa binamu akautia kwenye kopo lake, wake akautia kwenye la binamu, akayarudisha tanurini. Kisha akatoka nje, akajiunga nasi kama hana habari.

Binamu ndiye aliyetumwa kuyatoa makopo tanurini. Tulipopima, udongo wa rafiki yangu, ulioingia mbichi na kutoka mkavu, ulikuwa umeongezeka uzito karibu mara mbili.

"Nimefundisha miaka mingi," mhadhiri alisema, "sijaona udongo unaonenepa kwa kuokwa. Huu wako unakula nini?"

Tulicheka sana. Jamani, mwaka wa tatu wa uhandisi, na wivu umemsahaulisha kwamba uzito wa jana uko ubaoni.

"Nani amechezea makopo?"

"Ni mimi, mwalimu," alisema binamu. "Yaliniponyoka, nikarudisha udongo vibaya."

Hayakumponyoka. Nilikuwa nyuma yake alipoyatoa. Rafiki yangu alitazama viatu vyake.

Mhadhiri alihamisha uzito wa leo wa wale wawili ubaoni, huu mahali pa ule, akapiga hesabu upya. Jibu la binamu lilikaa sawasawa. La rafiki yangu lilikuwa maji matupu.

"Wewe mwangusha makopo," alisema, "Jumatatu uripoti kule barabarani. Vaa viatu vya kazi."

Jioni nilipita kwao kuchukua gauni langu. Mama alikuwa na pini mdomoni.

"Mhandisi wangu, imekuwaje?"

Wote wawili waligeuka.

"Nimepata mimi, shangazi," binamu alisema. "Ila tulikaribiana sana. Ni bahati tu."

Mama alizitema pini kiganjani, akamkumbatia. Rafiki yangu akanivuta hadi uani, akanieleza yote, macho yamemwiva. Nilidhani atasema anaona aibu, au angalau anashukuru.

"Umemsikia lakini?" alisema. "Hata siri yangu anaitunza vizuri. Mimi ya kwake ningeshaimwaga kabla hatujafika getini."