Chupa Niliyoiacha Ipumue

Nakumbuka siku ambayo chupa ilinisonya, mwanangu, nami nikaiogopa.

Nywele zilikuwa bado hazijanihama. Nilikuwa mpimaji katika stoo ya kemikali ya Mama Neema, mama wa Kichaga pale Kariakoo. Elimu yangu kidato cha nne, maabara yangu meza ya nyuma na jagi la juisi. Mtu wa nyumbani mimi. Kutoka Magomeni kwenda kazini, kwangu mimi, ilikuwa safari ya kuagana.

Tulichanganya ute wa visima vya mvuke. Kule nyanda za juu kusini wanatafuta mvuke wa umeme chini kabisa, kwenye mwamba wa moto. Ute mzito wenye mchanga husukumwa ndani. Ute unapasua mwamba, mchanga unabaki kwenye nyufa zisijifunge. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi tuliajiriwa kuupanua. Lakini ute ukilegea kabla ya wakati, mchanga unaanguka na kuziba bomba huku pampu inasukuma. Bomba linaweza kumpasukia aliyesimama karibu. Na aliyesimama karibu alikuwa Zuberi, mdogo wake mke wangu.

Wachimbaji waliniletea chupa mbili za maji ya kisimani, vifuniko vimekazwa, na agizo: ukifungua, pima papo hapo. Nikafungua ya kwanza. Ikanisonya, ikatoa mapovu. Nikajiambia hii sumu, nikaiacha wazi dirishani ipumue hadi kesho yake. Ndipo nikakoroga ute kwa maji hayo. Ute ukavutika kama bamia, nikaandika: unafaa. Zuberi akaondoka na mapipa, akinitania kwamba atanisalimia Mbeya, maana mimi sitafika kamwe.

Siku ya tatu, tukila mchana, nikamsimulia Mama Neema kisa cha chupa ili acheke. Hakucheka. Akanisogezea soda yake.

"Hii ukiiacha wazi mpaka kesho, utakunywa nini?"

"Maji ya sukari, Mama."

"Basi ndiyo uliyopima. Gesi ya kisimani umeifukuza mwenyewe."

Kaboni dayoksaidi, mwanangu, ile ile ya kwenye soda. Hutia maji uchachu, na ute wetu haukuvumilia uchachu. Tukafungua chupa ya pili, nikakoroga hapo hapo. Ute ukalegea ukawa uji wa mgonjwa, mchanga ukashuka chini ya jagi, chembe kwa chembe. 

Sikufichi, shetani alininong'oneza ninyamaze, huenda watapima tena wenyewe. Niliogopa kufukuzwa. Mama Neema akaniwekea simu mkononi, akasema nimpigie Zuberi mimi, si yeye. Haipatikani. Nikapiga tena. Haipatikani. Nje wapagazi wanapita na mikokoteni, na kila gurudumu lililogonga shimo nililisikia kama bomba linapasuka. Mara ya kumi na kitu akapokea, nyuma yake ngurumo.

"Mambo, shemeji? Tumewasha, ute unaingia sasa hivi."

"Zuberi, zimeni. Nimekosea kupima mimi. Toka kwenye bomba."

Ngurumo ikaendelea, ikaendelea, kisha ikakatika. Kikaja kimya, nisijue ni cha pampu au cha mtu.

"Imezimwa," akasema. "Shemeji, unalia?"

Nikamwambia ni vumbi la Kariakoo.

Kazini sikufukuzwa, ila kila sikukuu Zuberi huja kwangu, hufungua soda karibu na sikio langu, na nyumba nzima huniangalia ninavyoruka. Acha wacheke, anayefungua ni yeye, yu hai.

Mwanangu, jambo likikutisha, usingoje litulie ndipo ulipime. Lipime likiwa linasonya, ndiyo sura yake ya kweli. Na ukikosea, sema kwa mdomo wako, mapema, hata kama unatetemeka. Mficha maradhi kifo humuumbua. Mungu akupe mtu wa kukusogezea soda yake na kukuuliza. Akupe ulimi usiochelewa. Na siku utakapopiga simu kama ile yangu, akujalie ipokelewe.