Turubai la Safari ya Matogoro

Katika ukoo wetu ni mimi wa kwanza kurudi Songea na diploma ya utalii, na nyumba ya Mshangano nimeijenga kwa jasho langu. Nilipopanga kuwapeleka wanangu kulala kwenye msitu wa milima ya Matogoro, ilibaki ruhusa ya mama yangu tu.

Asubuhi nilifunga turubai uani, nione kama litatosha kufunika jiko letu la kambini. Sijamaliza kamba, majirani wawili wakaingia, mmoja na kuni, mwingine na unga.

"Pole, baba. Nani ametutoka?"

"Hakuna. Tunakwenda kulala mlimani."

"Na nyumba yote hii? Mkeo amekufukuza?"

Mama alitoka ndani, hakucheka. "Kwa turubai lako hili uani umeita watu wa msiba, na hakuna aliyekufa. Watoto hawaendi."

"Basi tufanyeje, mama?"

"Wapikie, washibe. Iwe shughuli ya heri."

Nilichinja jogoo wangu mkubwa kuliko wote mtaani. Majirani walipokwisha kula na kunawa, mama aliwabariki wanangu na kulikunja turubai mwenyewe.

"Hili linabaki."

Mlimani mvua ilinyesha, tukapikia chini ya mti. Hema langu halikuvuja hata tone.