Kivuko Kilichokataliwa kwa Jina Langu

Nilimtuma shemeji yangu Kiplagat aniombee taa ya kuvukia barabara, naye akasimama mbele ya wakubwa wa kaunti akasema nyumba yangu haiombi kitu. Nilikuwa nimekaa karibu yake. Nilisikia kila neno.

Barabara yenyewe ililetwa na majengo ya kompyuta, yale ya kutunzia data za mitandao. Hapa Sterling, Marekani, yanaota kila mahali, makubwa, hayana madirisha, yanavuma mchana na usiku kama friji mbovu. Malori ya zege, vyuma na majenereta yalijaa mjini hata watu wakawa hawafiki kazini, ndipo kaunti ikaamua kuyazungusha nje ya mji. Njia yao ikapimwa nyuma ya nyumba zetu, kati yetu na maduka.

Mimi sikusoma. Kwetu Nandi baba alipeleka wavulana shule, mimi nikabaki na ng'ombe. Huku nimeosha na kulisha wazee wa watu miaka mingi, na Kiingereza nakisikia kuliko ninavyokisema. Mume wangu Mutai alipofariki, Kiplagat, mdogo wake, akawa msemaji wa nyumba yangu mbele za watu, kama desturi yetu. Kwenye mazishi alisema vizuri. Kwenye harambee alisema vizuri. Lakini pia anaendesha lori la kokoto la majengo hayohayo, na foleni ya mjini ilikuwa inamuuma kuliko mtu yeyote.

Jirani yangu Wairimu ndiye aliyetuhimiza twende kwenye mkutano wa kaunti kuhusu barabara hiyo. Binti yangu Cherono yuko sekondari, na baada ya masomo hufanya kazi katika duka lililo ng'ambo ya barabara hiyo, kisha hurudi kwa miguu. Ndiyo maana nilitaka taa.

Mwenyekiti alipouliza kama nyumba za mstari wetu zina ombi, Kiplagat alinyoosha tai, akashukuru sana, akasema hatuna. Wairimu akanikanyaga mguu.

"Mama Cherono, simama. Huyu anakuuza."

Sikusimama. Kwetu mjane hampingi shemeji mbele ya wageni. Mnaenda nyumbani, chai inawekwa, neno linanyooshwa hapo, na kesho yake mnawarudia wageni hao na jibu jipya bila mtu kushangaa. Basi nikangoja chai.

Chai ikanywewa. Nikamuuliza kwa nini. Akasema taa ingesimamisha malori kila saa, na Cherono ana macho, atavuka.

"Shemeji, usinitie aibu kwa wazungu kwa ajili ya taa," akasema, akaomba sukari.

Kesho yake Wairimu alinipeleka kwenye ofisi ya kaunti. Mama wa mapokezi alitujibu kwa upole kwamba muda wa kutoa maoni umeshakwisha na familia yangu ilishasema. Huku neno likishatoka ukumbini, hakuna chai ya kulirudisha.

Sasa barabara imefunguliwa. Jioni nasimama ukingoni nimevaa fulana ya kung'aa ya marehemu, natafuta koti la Cherono upande wa pili. Anaona aibu, ananiambia kwa Kiingereza niingie ndani. Siingii. Malori yakiachana kidogo anakimbia, begi likimruka mgongoni, nami namshika mkono anapofika. Juzi lori lilipiga honi ndefu, breki zikalia, nikajikuta nimekaa chini kwenye majani. Cherono alikuwa bado dukani.

Wairimu amesikia kuna kikao kingine karibuni, na wakazi watasikilizwa. Nitaenda, na nitasema mwenyewe kwa Kiingereza changu kibovu. Lakini wataniuliza kwa nini familia yangu ilikubali, na jibu hilo si langu. Ni deni la Kiplagat. Asimame mbele ya watu walewale aseme alitumwa kuomba taa, akalificha ombi hilo kwa faida ya lori lake.

Nimempigia simu tangu Jumapili. Hashiki.